Betri Isiyotaka Kujaa

Sisi wa umri huu tulikua tukijua jambo moja tu kuhusu betri ya gari: betri njema ni ile iliyojaa. Katika shule niliyoanzia ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, palikuwa na gari moja kuukuu la kubebea chakula cha wanafunzi. Ilipofika Juni na Julai, baridi ya Njombe ikiwa imeshika, gari hilo halikuwaka asubuhi ila kwa kusukumwa. Wanafunzi waliitwa kutoka mabwenini, wakalisukuma mteremko mzima huku wakiimba, na dereva akaachia klachi. Likiisha kuwaka, dereva alilizungusha uwanjani nusu saa nzima ili betri ijae. Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo: injini ikiwaka, betri hujaa, betri isipojaa, imekufa.

Mwaka 2018 elimu hiyo nusura inifanye niidhulumu familia ya marehemu mdogo wangu.

Mdogo wangu alifariki mwezi Machi mwaka huo. Aliacha mke na watoto watatu, nyumba ambayo haijapigwa lipu, shamba la miti michanga, na gari moja dogo la Kijapani la aina ile inayoitwa haibridi, yaani mseto: gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Alikuwa amelinunua likiwa limekwisha kutumika Japani, likaja kwa meli hadi Dar es Salaam, na maandishi ya kwenye skrini yake yalikuwa bado ya Kijapani. Kikao cha ukoo kilinichagua kuwa msimamizi wa mirathi. Mtoto wa kwanza alikuwa kidato cha tatu. Miti ilikuwa bado miaka mingi kabla ya kuvunwa. Katika mali yote ile, kilichoweza kugeuka ada ya shule upesi kilikuwa ni gari.

Gari lilikaa miezi mitatu chini ya mti bila kuwashwa. Mwezi Julai akaja mnunuzi mmoja, asubuhi na mapema, umande ukiwa umelala juu ya majani. Alikuja na betri yake ndogo na nyaya, akaliamsha gari, likawaka. Kisha akaniita niketi kando yake, tukazunguka mtaa. Kwenye skrini palikuwa na picha ya betri yenye vipande vinane. Tulipoondoka, vilivyokuwa na rangi ni vitano. Kabla ya kufika barabara kuu vilibaki vitatu, na wakati wote huo injini ilikuwa inanguruma.

"Tazama mwenyewe, Mwalimu," aliniambia. "Injini inawaka, chaji inashuka. Umeona wapi jambo hilo? Betri hii imekwisha, na betri mpya ina bei kuliko gari lenyewe. Mimi nalichukua kama vyuma tu."

Akatoa bei: shilingi 2,500,000. Nilitikisa kichwa cha kukubali. Nilichokiona kwa macho yangu kilipatana kabisa na nilichokijua. Tukaahidiana kuandikiana siku ya Jumamosi. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni amejifunga kitenge mabegani. Hakubisha. Alisema tu, "Baba mkubwa, wewe ndiye unayejua."

Neno hilo liliondoka na usingizi wangu. Mtu akikuambia wewe ndiye unayejua, hapo ndipo unapojiuliza kwa kweli kama unajua. Usiku ule nilimpigia simu kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni fundi wa umeme wa magari huko Makambako. Nilimweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Shikamoo tena, Mwalimu. Tafadhali usisaini kwanza. Hiyo betri haikutengenezwa ijae. Na asubuhi ya baridi kushuka namna hiyo ni kawaida yake. Nitakuja Alhamisi, ila naomba gari lisiwashwe kabla sijafika."

Betri ambayo haikutengenezwa ijae! Mimi nilifundisha historia kwa miaka thelathini na mitatu, na mwalimu wa historia hapewi jambo geni asiulize lilianzia wapi. Niliyoyapata kwa kijana huyo, na niliyoyasoma katika miezi iliyofuata, ndiyo ninayotaka kukusimulia, msomaji, kabla hatujafika Alhamisi yenyewe.

Betri ya kwanza iliyoweza kuisha na kujazwa tena ilitengenezwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Aliweka mabamba ya risasi ndani ya tindikali. Mjukuu wa betri hiyo ndiye yule mweusi mzito tunayemjua chini ya boneti za magari yetu hadi leo. Tabia yake ni moja: hupenda kushiba. Ukiiacha betri ya risasi bila chaji kwa muda mrefu, mabamba yake hufanya ukoko mgumu, na haitarudi kuwa ilivyokuwa. Hivyo ile dhana yetu ya kwamba betri lazima ijae haikuwa ujinga. Ilikuwa kweli, lakini kweli ya betri ya risasi.

Mwaka 1899 Waldemar Jungner wa Uswidi alitengeneza betri ya namna nyingine, ya nikeli na kadimi. Katika ukoo huo wa nikeli ndimo ilimozaliwa, miaka mingi baadaye, betri ya nikeli na haidridi ya metali, ambayo Mmarekani Stanford Ovshinsky na wenzake waliiendeleza katika miaka ya 1980 hadi ikafaa kwa biashara. Hii haina risasi wala kadimi, na huvumilia kutoa na kupokea umeme mara nyingi mno, mradi isifikishwe mwisho wa huku wala mwisho wa huku.

Gari la mseto nalo si jambo la jana kama wengi tunavyodhani. Mwaka 1900 kijana Ferdinand Porsche, akifanya kazi katika karakana ya Lohner mjini Vienna, alitengeneza gari ambalo injini zake za petroli zilizungusha dainamo, na umeme ukaenda kwenye mota zilizofungwa ndani ya magurudumu. Aliliita kwa Kilatini Semper Vivus, maana yake "hai daima". Huko Ubelgiji, Henri Pieper alibuni gari ambalo mota yake iliisaidia injini penye mlima na kuchaji betri penye kazi nyepesi. Aliomba hataza ya Marekani mwaka 1905 akapewa mwaka 1909. Msingi wote wa gari la mdogo wangu ulikuwa umekwisha kuandikwa kabla babu yetu hajaliona gari lolote.

Kwa nini basi halikuendelea? Betri za siku zile zilikuwa nzito na dhaifu, na petroli ilikuwa ikizidi kuwa rahisi. Na kulikuwa na kisa kimoja kinachochekesha. Magari ya petroli yaliwashwa kwa hendeli, na hendeli ilivunja watu mikono, hasa injini ikiwa baridi. Charles Kettering wa Marekani alibuni stata ya umeme, na Cadillac wakaiweka katika magari yao ya mwaka 1912. Kwa hiyo mota ndogo ya umeme na betri ya risasi ndivyo vilivyoliondolea gari la petroli kero yake kubwa, likapata nguvu ya kulishinda gari la umeme. Betri ikawa mtumishi wa kumwamsha bwana wake asubuhi, kisha ikae kimya ishibe.

Hali hiyo iliendelea zaidi ya miaka themanini. Mwaka 1993 kampuni ya Toyota ilianzisha mradi wa kutafuta gari la karne ya 21, na baadaye uongozi wake akapewa mhandisi Takeshi Uchiyamada. Mwishoni mwa mwaka 1995 gari lao la majaribio lilikaa siku 49 likigoma kusogea. Lilipokubali, betri ndiyo iliyowanyima usingizi. Ilipata joto ikataka kuharibika. Na walipoyapeleka magari ya majaribio kisiwani Hokkaido, kaskazini mwa Japani, baridi ikayazima. Hata hivyo Desemba 1997, mwezi ule ule mataifa yalipokutana Kyoto kuzungumzia hali ya hewa ya dunia, Prius ilianza kuuzwa Japani. Betri yake ya nikeli na haidridi ya metali ilikuwa na seli 240 na volti 288. Mwaka 2003 kikaja kizazi cha pili, ambacho ndicho cha gari la mdogo wangu: seli 168, zimepangwa katika pakiti 28, jumla volti 201.6.

Usidhani betri hiyo ni ghala kubwa. Ikijaa hadi juu hubeba umeme wa kilowati-saa 1.3 tu, ambao ukiulinganisha na nguvu iliyomo katika petroli, haufiki nusu ya chupa ya soda. Tena kompyuta ya gari hairuhusu hata hicho kidogo kitumike chote. Huiweka betri kati ya takriban asilimia 40 na 80, na hupenda ibaki karibu na 60. Sababu ni tatu. Ikijaa kabisa, itakosa nafasi ya kupokea umeme unaozalishwa gari linapopunguza mwendo au kuteremka mlima. Ikiisha kabisa, gari halitawaka, kwa maana katika Prius hakuna stata ya kawaida. Betri kubwa ndiyo inayozungusha injini, na ile ndogo ya volti 12 kazi yake ni kuamsha kompyuta tu. Nalo huwezi kulisukuma mteremkoni. Sababu ya tatu ni umri: betri ya namna hii ikiishi katikati huishi miaka mingi, ikipelekwa kila siku huku na huku mwishoni, huzeeka mapema.

Alhamisi kijana alifika kabla jua halijatoka. Aliniamkia, akamwamkia shemeji, akagusa boneti kuhakikisha ni ya baridi. Tukaingia, yeye kwenye usukani, mimi kando yake mahali pale pale nilipokaa na yule mnunuzi. Akabonyeza kitufe. Kwa sekunde chache palikuwa kimya, kisha injini ikawaka yenyewe.

"Sasa, Mwalimu," alisema, "unadhani injini hii inafanya kazi kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya gari," nilijibu.

"Hapana. Kwa sasa inajifanyia kazi yenyewe. Inaota moto."

Akanieleza. Katika bomba la moshi kuna chombo cha kusafisha hewa chafu, ambacho mafundi wetu hukiita masega. Masega hayasafishi kitu mpaka yapate joto la nyuzi mia kadhaa. Ndiyo maana moshi mchafu kuliko wote wa safari hutoka katika dakika ya kwanza au mbili, injini ikiwa baridi. Waliolitengeneza gari hili waliamua kwamba katika dakika hiyo injini isibebeshwe mzigo. Cheche za plagi hucheleweshwa makusudi, ili joto badala ya kusukuma pistoni litoke nje kwa bomba na kuyapasha masega. Injini hunguruma, lakini haina nguvu ya kutoa. Dereva akiondoka wakati huo, anayelivuta gari ni nani? Ni betri. Basi chaji hushuka wakati injini inawaka, na haina ugonjwa wowote.

Aliongeza kwamba baridi nayo ina sehemu yake. Betri ya nikeli ikiwa baridi hutoa nguvu kwa uzito na hupokea chaji kwa uzito, na kompyuta huionea huruma kwa kuipunguzia kazi. Na maji ya rejeta yakiwa bado baridi, injini haikubali kuzima kila gari linaposimama, kwa hiyo asubuhi petroli hutumika zaidi. Kwa Njombe, iliyo karibu mita 2,000 juu ya bahari, dakika hizo huwa ndefu kuliko za Dar es Salaam. Nilikuja kusoma baadaye kwamba magari ya kizazi hicho yaliyouzwa Marekani yalifungwa kitu mfano wa chupa ya chai: chombo cha kuhifadhi lita 3 za maji ya moto ya injini, yakae na joto hadi siku tatu, ili asubuhi yarudishwe kuipasha injini kabla haijawaka. Chupa ya chai ndani ya gari! Nilicheka peke yangu, lakini nikaelewa jinsi dakika ile ya asubuhi ilivyowashughulisha watu wenye akili.

Tuliondoka. Vipande vitano vikawa vinne, vikawa vitatu, kama siku ile. Moyo wangu ukashuka navyo. Kijana hakusema neno. Tulipofika barabara kuu injini ilikuwa imepata joto, na mlio wake ukabadilika, ukawa wa kazi. Tulipoanza kuteremka kuelekea bondeni, vipande vikaanza kurudi: vinne, vitano, sita. Tukapanda tena kilima, vikapungua kimoja, vikatulia.

"Betri mgonjwa haiendi hivi," alisema. "Mgonjwa hupanda akajaa kwa dakika mbili, akaisha kwa dakika mbili, na taa ya hatari huwaka. Huyu anapumua kama mtu mzima."

Hakuishia kwenye maneno. Tuliporudi nyumbani alichomeka kifaa chake, akanionyesha volti za pakiti zile 28, ambazo gari huzipima mbilimbili, makundi 14. Zilikaribiana kama watoto wa darasa moja. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akanionyesha kando ya kiti tundu lenye matundu madogo, ambalo sote tulidhani ni pambo. Ndimo betri inamovutia hewa ya kujipoza. Mdogo wangu alizoea kuegesha mifuko hapo. Kijana alizima gari, akatoa plagi ya usalama inayokata umeme mkubwa, akanikataza kabisa kugusa nyaya za rangi ya machungwa, ndipo akafungua feni. Ilikuwa imejaa vumbi na nyuzi za nguo, nene kama blanketi. "Baridi huichelewesha betri tu, Mwalimu," alisema akiisugua kwa brashi. "Joto ndilo linaloiua. Gari hili likiteremka Dar na tundu hili limezibwa, hapo ndipo lingekufa kweli."

Jumamosi mnunuzi alikuja na karatasi yake. Nilimweleza kwa upole nilichojifunza. Simjui moyoni, huenda naye aliamini alichosema, maana sisi wawili tulisoma shule moja ya betri ya risasi. Alipandisha bei, akaipandisha tena. Shemeji, ambaye siku ile ya kwanza aliniachia mimi kujua, safari hii alijibu mwenyewe: gari haliuzwi. Alijifunza kuendesha, akalitumia kupeleka mboga na mayai mjini. Ada ya kidato cha tatu na cha nne ikatoka humo. Betri ilizeeka kwa haki yake mwaka 2022, na safari hii dalili zilikuwa zile zile alizozitaja kijana. Haikutustua. Shemeji alikuwa ameweka akiba, na mtoto wa kwanza alikuwa amekwisha kuanza chuo.

Nimekaa na jambo hili kwa miaka kadhaa. Sikudanganywa na macho yangu. Chaji ilishuka kweli, nami niliona. Kilichonidanganya ni maarifa ya zamani niliyoyabeba mpaka mahali ambapo hayakuwa na kazi tena, na heshima ya kuitwa mwalimu iliyonifanya nisiulize. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wangeongeza kwamba kutouliza, kwa mtu aliyekabidhiwa mali ya yatima, ni zaidi ya ujinga.

Na kila asubuhi ya Julai, ninapoketi jikoni nikingoja chai ichemke na viungo vyangu vya uzee vikikataa kukunjuka, huikumbuka ile injini inayonguruma bila kutoa kitu, na betri inayovuta mzigo wote kimya kimya hadi mwenzake apate joto. Katika nyumba ya marehemu mdogo wangu ndivyo ilivyokuwa mwaka ule. Sisi wanaume wa ukoo tulinguruma vikaoni, na aliyelivuta gari alikuwa yule mama aliyesimama mlangoni na kitenge mabegani.

Kalamu niliyotaka kusainia ninayo hadi leo. Kila nikiishika husoma kwanza, nikauliza, ndipo nikaandika.